HISTORIA FUPI YA KIKUNDI CHETU: SUFURIA ZILIZOCHANGAMSHA KIKATITI

Kikundi chetu kimefikisha miaka kumi. Nimeombwa nieleze tulikotoka. Elimu yangu ni ya darasa la saba, basi nitaandika kama ninavyoongea.

Kikundi hiki kilianzia mekoni. Mama zetu walishuka na ndizi za mlimani Meru, wakabandika sufuria kando ya barabara kuu ya Arusha–Moshi kuwauzia wasafiri. Haikuwa kazi ya kuheshimiwa. Serikali ilipoanzisha Nguvu Kazi mwaka 1983, huko Dar es Salaam hata mama ntilie walihesabiwa wazururaji. Imechukua muda mrefu hadi kuitwa mama lishe, na mwaka 2018 Rais Magufuli akatoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000.

Lakini angalieni jambo moja. Sufuria ya mtori haikai peke yake. Kwanza anakuja kijana wa bodaboda kunywa chai. Fundi viatu anafuata, maana watu wapo wamekaa. Mwenye duka naye anaweka taa. Ndizi ni za jirani, maziwa ya mwingine, mkaa wa mwingine. Binti akishushwa na basi usiku, anakimbilia kwa mama lishe. Hapo pameshakuwa mahali.

Siye tulilijua hilo tulipolikosa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inataka mita 30 kila upande wa barabara kuu, toka katikati. Wenzetu sita waliambiwa wahame, wakahama. Kona ile ikafa. Taa ikazimwa, bodaboda wakaondoka, fundi viatu naye akaondoka. Mmoja wetu aliuza sufuria zake apate ada ya mtoto.

Hatujakaa sawa, mwaka 2020 ikaja korona. Shule zikafungwa mwezi wa tatu, mwezi uliofuata ndege za abiria toka nje zikasimamishwa, na magari ya watalii yanayotoka KIA yakapotea barabarani. Ndipo wengi wakataka tufungue zile kufuli tatu za sanduku, tugawane hisa, kila mtu ashike njia yake. Nakiri, hata mimi mwenyekiti nilinyoosha mkono.

Muuza makande mmoja akasimama. Akasema tukigawana leo tutakula wiki mbili, na baada ya hapo hakuna wa kumwashia mwenzake moto. Kimya. Tukapiga kura upya, sanduku likabaki. Kwa fedha hizo tulikodi kiwanja nje ya zile mita 30, tukaezeka banda moja, meko sita. Sufuria za kwanza kununua zilikuwa za yule mwenzetu aliyeuza zake.

Leo jioni pitieni pale. Taa inawaka na fundi viatu amerudi.

Akina mama, hisa si shilingi tu. Ni kijinga cha moto cha kumpelekea aliyezimikiwa. Tusichoke kukileta kila wiki.



Mwenyekiti