Sheli, sheha na swali linalovuka bahari

Wadau, leo naomba niwape shule kidogo ya historia. Ni historia ya kusubiri.

Mimi nakaa Kidichi, kule ambako wengi wenu mmefika kuona hamamu aliyoijenga Seyyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, mkanunua mdalasini na iliki, mkarudi zenu mjini. Kompyuta ninayofanyia kazi imeunganishwa na mtandao wa ofisi moja (jina tuliache), ambayo daftari lake la watumiaji liko Ulaya. Kila nikifungua sheli, kimya! Sisemi sheli ya kujazia mafuta. Nasema lile dirisha la kuandikia amri. Mashine ni mpya, kumbukumbu ya kutosha, lakini utahesabu sekunde mpaka ikuruhusu kuandika.

Kwa nini? Turudi nyuma.

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Watu wengi walitumia mashine moja, kwa hiyo ilibidi mashine ijue nani yuko kundi gani: wahasibu wafungue mafaili yao, wahariri yao. Majina ya makundi yakaandikwa kwenye faili dogo, /etc/group, ndani ya mashine hiyo hiyo. Ilikuwa kama kwetu Zanzibar: ukitaka kujua fulani ni mkaazi wa hapa au la, unakwenda kwa sheha. Hupandi boti kwenda Dar kuuliza.

Miaka ya 1980 mambo yakabadilika. Ofisi zikawa na mashine kumi, kisha mia. Nani atazunguka kurekebisha faili kwenye kila moja? Kampuni ya Sun Microsystems ikaja na huduma iliyoitwa Yellow Pages, ambayo baadaye ilibidi iitwe NIS kwa sababu jina la mwanzo lilikuwa alama ya biashara ya British Telecom. Mwaka 1993 ikatoka LDAP, kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Michigan. Kisha Microsoft wakaja na Active Directory ndani ya Windows 2000. Wazo ni lile lile: daftari liwe moja, likae kwenye seva, kila mashine ikaulize huko.

Na wazo lenyewe si baya. Mtu akifukuzwa kazi asubuhi, anafutwa sehemu moja tu na milango yote inafungwa.

Ila kuna gharama. Sheli inapoamka, amri zake za mwanzo mara nyingi huuliza: huyu yuko makundi gani, na kila kundi linaitwaje? Ukiwa kwenye makundi 40, yanaweza kuwa maswali 40, moja baada ya jingine. Seva ikiwa chumba cha pili hutagundua kitu. Ikiwa ng'ambo ya bahari, utagundua.

Piga hesabu. Kabla ya mkongo wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009, intaneti yetu ya kwenda nje ilitegemea sana setilaiti, na setilaiti hizo hukaa kilomita 36,000 hivi juu ya dunia. Swali lipande na lishuke, jibu lipande na lishuke: karibu nusu sekunde. Mara 40, ni sekunde 20. Mkongo umepunguza sana, lakini haukuifuta bahari. Kwenda Ulaya na kurudi bado ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, kwa hiyo maswali 40 ni sekunde nne na ushee. Muda wote huo mashine yako imekaa tu, inasubiri.

Ugonjwa huu tuliwahi kuuona kwa sura nyingine. Zamani barua pepe kati ya kampuni mbili za Dar es Salaam iliweza kuzungukia Ulaya au Marekani kwanza. Wakenya walifungua kituo chao cha kubadilishana mawasiliano mwaka 2000, Telkom Kenya ikalalamika, kikafungwa, kikarudi 2002. Cha kwetu, TIX, kikaanza Dar mwaka 2004. Dawa ilikuwa moja: jibu likae karibu na swali.

Kwenye sheli pia ndiyo dawa. Zipo programu kama nscd na sssd ambazo huweka nakala ya majibu kwenye mashine yako kwa muda. Huyo ndiye sheha wako. Tahadhari ni kwamba nakala huchelewa kupata habari, na aliyefukuzwa asubuhi anaweza bado kutambuliwa mchana. Kwa hiyo nakala ipewe umri mfupi, si milele.

Kwa nini nawachosha na haya? Kwa sababu nimeona ofisi zinatupa kompyuta nzima na kununua mpya, na kasi inabaki ile ile. Na nimeona vijana wanaokubali kwamba "mtandao wetu ndio hivyo," kana kwamba uzito ni tabia yetu. Si tabia yetu. Kuna mtu alipanga daftari likae wapi, na hakufikiria nani atasubiri.

Ukiambiwa mashine ni nzito, uliza maswali matatu kabla ya kutoa hela: inamuuliza nani, mara ngapi, na huyo anayeulizwa anakaa wapi?

Nawasilisha.