Mzee Aliyepotelewa na Farasi

Kila aliyejenga nyumba hapa Himbi anaijua kazi ya kuchimba shimo la choo. Unapiga nyundo na mtalimbo siku ya kwanza, unapiga siku ya pili, na jioni ya siku ya tatu shimo limefika magotini tu. Chini ya miguu yetu udongo ni haba. Kilichopo ni makoro, yaani moto wa mlima uliopoa ukawa jiwe. Anayetaka kupanda mboga mbele ya mlango wake hununua udongo kwa magunia. Basi, wasomaji wapenzi, msishangae tukiwaletea leo habari za wazee wa China waliofikiri sana juu ya mambo yanayogeuka. Sisi nasi tunakanyaga jiwe ambalo siku moja lilikuwa mto.

Tulipokuwa seminarini tulifundishwa Wayunani kwa kirefu na Wachina kwa kifupi sana. Jina la Laozi lilipita darasani kama mgeni asiyepewa kiti. Baadaye tulimtafuta wenyewe. Wachina husimulia kwamba aliishi katika karne ya sita kabla ya Kristo, akawa mtunza maandiko wa wafalme wa Zhou. Wataalamu wengine wana shaka kama mtu huyo aliishi kweli. Lakini kitabu chenye jina lake ni cha kale bila shaka. Mwaka 1993, mahali paitwapo Guodian, katika kaburi la yapata mwaka 300 K.K., zilionekana sehemu zake zimeandikwa juu ya vibanzi vya mianzi. Neno lao kubwa ni Dao (wengine huandika Tao), na maana yake ni Njia. Padre Matteo Ricci, Mjesuiti aliyefariki Beijing mwaka 1610, aliwapenda zaidi wafuasi wa Konfusio. Watu wa Dao hakuwasifu. Hata hivyo tunaweza kuwasikiliza wazee hao bila kuiacha imani yetu, kama tunavyowasikiliza Wayunani.

Walifundisha nini? Kwamba hakuna kitu kinachokaa kama kilivyo, na kwamba kila hali ina mwenzake anayeisubiri nyuma ya mlango. Walizitaja pande mbili, yin na yang. Maneno hayo hapo mwanzo yalikuwa ya kawaida kabisa, maneno ya wakulima: upande wa mlima wenye kivuli, na upande wenye jua. Mlima ni mmoja. Aliyelima chini ya Nyiragongo anajua kwamba kivuli cha asubuhi si kivuli cha jioni, wala hagombani nacho. Huhama na jembe lake.

Tena walipenda kutoa mfano wa maji, yaliyo laini, yapendayo mahali pa chini, na yanayoshinda jiwe bila kupigana. Hapa Kivu mfano huo tunao mbele ya macho yetu. Wataalamu wa miamba wanasema kwamba zamani sana maji ya upande huu yalitelemka kaskazini, kuelekea ziwa Edward. Milima ya Virunga ikainuka ikaziba njia. Maji hayakuvunja milima. Yalipanda polepole, miaka na miaka, hata yakapata pengo upande wa kusini. Ndiyo maana leo yanatoka kwa mto Ruzizi mpaka Tanganyika. Ziwa zima liligeuza uso! Na sambaza tunaowala kila juma, tukidhani babu zetu waliwala, hawakuwamo ziwani humu mpaka walipoletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Lakini hadithi iliyotushika zaidi ni ya mzee mmoja wa mpakani. Imo katika kitabu Huainanzi, ambacho mwana wa mfalme Liu An alimpelekea kaisari mwaka 139 K.K. Farasi wa mzee huyo alitoroka, akavuka mpaka kwa maadui. Majirani wakaja kumpa pole. Mzee akawauliza, mnajuaje kwamba si heri? Baada ya miezi farasi akarudi pamoja na farasi wengine wazuri. Majirani wakaja na pongezi; mzee akauliza, mnajuaje kwamba si shari? Mwanawe akapanda farasi mmoja, akaanguka, akavunjika paja. Pole tena, na swali lile lile tena. Mwaka uliofuata maadui wakavamia, vijana wote wenye nguvu wakaenda vitani, na karibu wote wakafa. Kijana kilema alibaki nyumbani na baba yake.

Tuipeleke hadithi hii Goma. Tarehe 17 Januari 2002 ubavu wa Nyiragongo ulipasuka. Sisi wa rika letu tulikuwa watoto wa shule. Moto ulioyeyuka ulifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaukata mji katikati, ukaingia ziwani. Watu wapata 120,000 walikosa makao, na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliangamia. Maelfu kwa maelfu walikimbilia Gisenyi. Nao wengi walirudi kabla jiwe halijapoa, wakitembea juu yake na joto likipenya viatu. Siku nne baadaye wengine waliona bahati: kituo cha mafuta kilichozungukwa na moto, mafuta yapo, mwenyewe hayupo. Wakaingia kuchota. Kituo kikalipuka, na watu wengi wakafa. Mzee wa mpakani angelitikisa kichwa. Na jiwe lile lililomeza nyumba, watu walilivunja kwa nyundo, wakalipakia juu ya chukudu, wakajengea nyumba nyingine. Nyingi za kuta za mji huu ni moto wa jana.

Kwa muda mrefu tuliipenda hadithi hii kupita kiasi, tukaitumia kama dawa ya kila ugonjwa. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulitoka tena. Moto ulisimama pembeni mwa mji, upande wa Buhene, lakini nyumba nyingi za huko zilikuwa zimekwisha teketea. Siku chache baadaye, ardhi ikitetemeka mchana na usiku, serikali iliamuru mitaa kumi ihame, na watu wengi wakaenda Sake kwa miguu. Tulikwenda kuwatembelea. Katika darasa moja lililojaa mikeka tulimkuta mama ambaye nyumba yake ya Buhene ilikuwa imeungua yote, na cherehani yake ndani. Tukakaa karibu naye, tukamsimulia habari za mzee na farasi. Tulisimulia vizuri, tunadhani. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza:

“Mwalimu, farasi alikuwa wa nani?”

Tukamjibu: “Wa mzee mwenyewe, mama.”

“Basi umwache mzee aseme.”

Hatukuwa na jibu. Tulirudi Himbi tumenyamaza, tukaifungua hadithi tena, na kweli, mama alikuwa ameisoma kuliko sisi. Mzee hakwenda kwa jirani aliyefiwa na ng'ombe akamwambia, unajuaje kwamba si heri? Alisema juu ya farasi wake, na mguu wa mwanawe. Vivyo hivyo Zhuangzi, mwalimu mwingine wa Njia, wa karne ya nne K.K. Mkewe alipofariki, rafiki yake Hui Shi alimkuta ameketi akipiga chungu kama ngoma na kuimba, akamkemea sana. Zhuangzi alieleza kwamba hapo kwanza alihuzunika kama mtu ye yote. Kisha alifikiri jinsi mkewe alivyotoka mahali asipokuwapo, akapata umbo, akapata uhai, na sasa amegeuka tena, kama majira ya mwaka yanavyofuatana. Ndipo alipoacha kulia. Tazama, kilio kilitangulia. Na aliyefika kwenye wimbo alikuwa mfiwa mwenyewe. Hui Shi, aliyekuja kutoa pole, hakuimba.

Sijui ni mara ngapi sisi makatekista, kwa nia njema, tumeimba mahali pa mfiwa.

Yule mama tulimwona tena Goma, miezi mingi baadaye. Alikuwa amesimama barabarani akipatana bei ya udongo na kijana wa chukudu: magunia matatu, kwa mboga za mbele ya mlango. Alitusalimu vizuri, akatucheka kidogo, akauliza habari za farasi. Kama yaliyompata yalikuwa heri au shari hakutuambia, nasi hatukumwuliza. Tulimsaidia kupakia gunia la tatu.