Hedhi ikikoma au ikivurugika: kazi ya homoni, na wakati wa kwenda kliniki

Ulichomwa sindano ya uzazi wa mpango, na sasa ni mwezi wa nne hujaona siku zako. Jirani anakuambia damu inajaa tumboni na itageuka uvimbe. Mama mkwe anasema umeharibu kizazi. Mume naye ameanza maswali. Wanawake wengi wakifika hapo huacha sindano kimya kimya bila kuchukua njia nyingine, kisha hurudi kliniki wakiwa na mimba ambayo hawakuipanga.

Makala hii inaeleza kwa nini hedhi hubadilika, ni mabadiliko gani ya kawaida, na ni yapi yanataka uende kituo cha afya bila kungoja. Ni kwa ajili yako uliye kambini, na pia kwako jirani mwenyeji unayetumia kituo hichohicho.

Hedhi inatoka wapi?

Homoni ni ujumbe ambao mwili hujitumia wenyewe kupitia damu. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, ukubwa wake kama punje ya njegere. Tezi hiyo hutuma homoni kwenye ovari, yaani vifuko vya mayai ya mwanamke. Ovari nazo hutengeneza estrojeni, ambayo hujenga utando laini ndani ya mji wa mimba, kama mtu anayetandika kitanda akisubiri mgeni. Yai likishatoka, homoni nyingine iitwayo projesteroni huushikilia utando huo. Mimba isipoingia, homoni zote mbili hushuka, utando unabomoka na kutoka pamoja na damu. Hiyo ndiyo hedhi.

Kwa hiyo damu ya hedhi si uchafu unaotafuta njia ya kutoka mwilini. Ni utando ambao haukutumika. Kwa mwanamke mzima, mzunguko wa siku 21 hadi 35 ni wa kawaida, hata kama wa dada yako ni tofauti na wako.

Sindano ya miezi mitatu: je, damu inajaa tumboni?

Hapana. Sindano ina homoni inayofanana na projesteroni. Huzuia ovari zisitoe yai, na hufanya utando wa mji wa mimba ubaki mwembamba. Utando usipojengwa, hakuna cha kubomoka, kwa hiyo hakuna damu ya kutoka wala ya kujaa. Kitanda hakikutandikwa.

Katika miezi ya mwanzo, mabadiliko ya kawaida ni damu ya matone isiyo na ratiba, au siku nyingi za damu kidogo kidogo. Hilo huchosha, hasa pale vitambaa na sabuni ni vya kuhesabu, na si haki kumwambia mwanamke avumilie tu. Rudi kliniki uwaeleze, kwa sababu kuna dawa za kupunguza damu hiyo, na kuna njia nyingine unayoweza kuhamia. Baada ya mwaka mmoja wa sindano, karibu nusu ya wanawake hawaoni hedhi kabisa. Kwa mwanamke mwenye upungufu wa damu, hiyo inaweza hata kuwa nafuu.

Baadhi ya wanawake huongezeka uzito, kwa wastani kilo 1 hadi 2 kwa mwaka. Wengine huumwa kichwa au hubadilika hisia. Haya yote ulipaswa kuelezwa kabla ya kuchomwa. Sindano inayotolewa kwa haraka, foleni ikiwa ndefu na maelezo hakuna, ndiyo inayozaa uvumi. Uliza kabla hujakunja mkono wa nguo, maana ni haki yako kuelezwa.

Je, sindano inaharibu kizazi? Haiharibu, lakini inachelewesha. Mwanamke anayeiacha huchukua kwa wastani miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho mpaka kushika mimba, na wengine huchukua zaidi. Kama unataka mtoto hivi karibuni, mwambie mhudumu mapema akupe njia isiyokawia. Kijiti, kwa mfano, kikitolewa, uwezo wa kushika mimba hurudi mara moja.

Hapa ndipo wengi wanapokamatwa. Kinga ya sindano huisha hata kama hedhi bado haijarudi, kwa sababu yai hutoka kwanza na damu huja baadaye. Unaweza kushika mimba kabla hujaona tone moja. Usiseme "sioni siku zangu, basi siwezi kupata mimba." Sindano inayofuata huchomwa baada ya wiki 13. Ukichelewa kwa wiki zisizozidi 4, bado unaweza kuchomwa. Ukizidisha hapo, mhudumu atahakikisha kwanza kwamba huna mimba.

Kumbuka pia kwamba sindano na kijiti havizuii Virusi vya Ukimwi wala magonjwa mengine ya zinaa. Kondomu bado inahitajika.

Kama unatumia dawa za kifua kikuu au ARV

Waambie wote wawili, anayekupa dawa na anayekupa uzazi wa mpango. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, na efavirenzi, mojawapo ya ARV, huyeyusha haraka homoni za kijiti na kuzipunguza nguvu. Mwanamke anaweza kushika mimba kijiti kikiwa mkononi. Usiache dawa zako za kifua kikuu wala ARV, kwa sababu kinachobadilishwa ni njia ya uzazi wa mpango.

Hedhi iliyokoma baada ya safari

Umefika kambini kutoka Kivu au Burundi, umepungua mwili, hulali, na hedhi imekatika ingawa hutumii njia yoyote. Ubongo ukiona chakula ni kidogo na hofu ni nyingi, hupunguza ujumbe unaotuma kwenye ovari. Ni kama mwili unasema huu si wakati wa kubeba mimba. Mara nyingi hedhi hurudi mwili unapopata chakula na utulivu. Lakini usijipe jibu hilo kabla ya kupima mimba kwa mkojo, kwa sababu mimba ndiyo sababu ya kwanza ya kufikiria. Zikipita miezi mitatu bila hedhi na huna mimba, nenda upimwe.

Kama ulibakwa njiani au hapa kambini, nenda kituo cha afya hata kama hujaripoti popote. Dawa ya kuzuia Virusi vya Ukimwi huanzwa ndani ya saa 72, na kidonge cha dharura cha kuzuia mimba hufanya kazi ndani ya siku 5. Kadiri unavyowahi, ndivyo vyote viwili vinavyosaidia zaidi.

Mama anayenyonyesha

Mtoto akinyonya, mwili hutoa homoni ya maziwa ambayo pia huzuia yai lisitoke. Kinga hii ni ya kweli, ila inategemea mambo matatu kwa pamoja: mtoto hajafikisha miezi 6, ananyonya maziwa ya mama peke yake mchana na usiku, na wewe hujaona hedhi. Ukianza kumpa uji, kinga imekwisha.

Baada ya kujifungua homoni hushuka ghafla, na mama wengi hulia bila sababu siku za mwanzo. Huzuni ikizidi wiki mbili, au ukiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, huo si uvivu wala uchawi. Ni ugonjwa unaotibika. Nenda, na mtu akusindikize.

Mama wa miaka 45 na kuendelea

Kati ya miaka 45 na 55 ovari hupunguza kazi. Hedhi huruka miezi, joto hupanda ghafla usoni na kifuani, usingizi hukatika, uke huwa mkavu na tendo la ndoa huuma. Ni hatua ya umri. Hata hivyo, hedhi ikishakoma kwa miezi 12 kamili halafu damu ikatoka tena, hata kidogo, usifurahi kwamba ujana umerudi. Nenda upimwe, kwa sababu inaweza kuwa dalili ya saratani ya mji wa mimba au ya shingo ya kizazi.

Usingoje kesho kama

unalowesha kitambaa kizima kila saa kwa saa mbili mfululizo. Unatoka damu na unahisi kizunguzungu, moyo unakimbia au viganja vimekuwa vyeupe. Una maumivu makali upande mmoja chini ya tumbo na hedhi imechelewa, maana mimba inaweza kuwa nje ya mji wa mimba. Au unatoka damu ukiwa mjamzito.

Kabla ya kuhamishwa au kurudi nyumbani

Iwe unahamishiwa kambi nyingine, unarudi kwa hiari au unapelekwa nchi ya tatu, beba kadi yako ya kliniki. Iwe na jina la njia unayotumia na tarehe ya sindano ya mwisho, au tarehe kijiti kilipowekwa na mwaka kinapotakiwa kutolewa. Kuna vijiti vya miaka 3 na vya miaka 5, na kwa kukigusa mkononi huenda mhudumu mgeni asijue ni kipi. Piga picha ya kadi kwa simu, na umtumie mtu unayemwamini. Kama sindano yako inaangukia siku za safari, omba kuchomwa mapema; inaruhusiwa hadi wiki 2 kabla ya tarehe.