Miale Miwili, Ukungu Mmoja

Desemba 2011 umeme ulikuwa bado haujafika kwa kogo, nyanya yangu, huko Boito. Usiku ukisimama uani uliona taa za mashamba makubwa kwa mbali, kwa sababu kampuni za chai zilikuwa na mitambo yao ya umeme wa maji kitambo. Sisi wa vishamba vidogo, tunaobeba majani mgongoni hadi kituo cha kununulia, tulikuwa na koroboi. Kwa hiyo binamu yangu aliposema ataleta disko ya leza kwenye sherehe ya vijana waliotoka jandoni, watu walicheka. Mimi pia nilicheka.

Alikuwa na vitu vitatu. Dayodi nyekundu aliyoing'oa kwenye mashine ya kompyuta ya kuchoma DVD. Tochi ya leza ya kijani, zile zilizouzwa barabarani kama kalamu. Na kipande cha kioo chembamba kutoka kwa projekta iliyokufa, alichopewa na fundi mmoja wa Litein. Kioo hicho ndicho kilikuwa siri yote.

Ili uelewe kwa nini, rudi nyuma kidogo. Leza ya kwanza iliwaka Mei 1960 kule Malibu, California. Theodore Maiman alitumia kijiti cha jiwe la rubi na taa kali ya kumulika. Miaka miwili baadaye Robert Hall na wenzake wa General Electric wakatoa leza kwenye kipande kidogo cha semikondakta. Hiyo ndiyo dayodi ya leza, lakini wakati huo ilibidi ipozwe kwa baridi kali ndipo ifanye kazi, na mwanga wake haukuonekana kwa macho. Basi waliotaka burudani walibaki na leza za gesi. Novemba 1973, Ivan Dryer alianza onyesho la Laserium katika Griffith Observatory, Los Angeles. Alikuwa na leza moja ya gesi ya kriptoni yenye rangi kadhaa ndani yake, na prizimu ya kuzitenganisha. Mwale mmoja ghali, uliogawanywa kuwa mingi.

Binamu yangu alifanya kinyume, na si yeye peke yake. Kufikia miaka ya 1990 dayodi zilikuwa zimeshuka bei kwa sababu ya CD, na katikati ya muongo huo Shuji Nakamura wa Japani akaonyesha dayodi ya leza ya urujuani iliyokaribia buluu. Mtu wa kawaida hakuhitaji tena leza moja kubwa. Alihitaji ndogo ndogo, na njia ya kuziunganisha.

Na hapo kuna sheria isiyopindwa. Kila dayodi ina kikomo. Ukiizidishia umeme, uso wake mdogo unaungua na mchezo umeisha. Sasa unatafuta ya pili. Lakini miale miwili iliyo pacha kabisa haiwezi kuwekwa kwenye njia moja kwa vioo vya kawaida bila kupoteza nusu ya mwanga. Lazima itofautiane kwa kitu. Ikiwa na rangi tofauti, kioo cha kuchuja rangi kinaruhusu mmoja upite na kinaurudisha mwingine, halafu yote miwili inatoka pamoja. Ikiwa rangi ni moja, unalaza dayodi moja ubavu ili mwanga wake utetemeke upande mwingine, kisha unatumia mchemraba maalum wa kioo. Fikiria barua ikipita kati ya mbao za boma: iliyosimama wima inapenya, iliyolala inagonga. Hapo mwisho wako ni miwili tu. Zaidi ya hapo unaipanga bega kwa bega kwa vioo vyenye kingo kali, karibu sana, mpaka ukiwa mbali unaona mwale mmoja.

Siku tatu alikaa jikoni kwa kogo akisogeza kile kioo kwa vijiti vya kiberiti na gundi. Lengo lilikuwa nukta nyekundu na ya kijani zikutane ukutani karibu, na zikutane tena kwenye ukuta wa choo kule mwisho wa shamba. Zikikutana mahali pamoja tu, bado hujaunganisha kitu. Jioni ya tatu zilikutana kote, na ukuta ukawa wa manjano. Kogo akauliza rangi hiyo imetoka wapi kama hatujainunua.

Usiku wa sherehe jenereta iliunguruma. Alikuwa amebandika kipande cha kioo cha kujitazamia kwenye spika kuukuu, hivyo kila besi ilipopiga, mwale ulichora duara linalocheza. Hatukuhitaji mashine ya moshi. Ukungu wa Boito uliingia saa nne kama kawaida yake, na mwanga ukaonekana wote, kamba ya manjano juu ya majani chai. Watu walitoka vijiji vya mbali kuja kuuliza ni nini.

Sijawahi kusimulia kilichofuata. Kioo kilisogea kwa mtetemo wa muziki, naye akainama kukirekebisha bila kuzima. Mwale mwekundu uliruka ukampata jicho la kulia. Leza za nguvu ile huunguza kabla hujapepesa. Hakulia. Aliniambia tu anaona sarafu nyeusi katikati ya kila kitu, na mimi, niliyekuwa nimeshika waya wa betri, nilikuwa nimeombwa kuukata kila anapoinama. Nilikuwa naangalia ngoma.

Sarafu hiyo haijaondoka. Sasa kwa kogo kuna umeme, na binamu yangu hukodisha taa za harusi Bomet na Kericho. Mwaka jana alifungua mashine yake mpya anionyeshe: dayodi nyekundu, kijani, buluu, na vioo viwili vya kuchuja rangi vimepangwa vilevile kama jikoni. Alikuwa amevaa miwani ya kinga. Akanipa waya wa umeme nishike, akasema, "Leo usiangalie ngoma."