Dunwich: Bandari Iliyotangulia Kufa

Wengi wakitaja Dunwich, katika pwani ya Suffolk mashariki mwa Uingereza, husema bahari iliumeza mji. Kweli iliumeza, lakini kusema hivyo ni kutaja mazishi na kuuacha ugonjwa. Dunwich iliuawa na kuzibwa kwa mlango wa bandari yake. Kuta zilikuja kuanguka baadaye. Katika daftari la mali lililoandikwa kwa amri ya mfalme mwaka 1086, mji huu una makanisa matatu, na miongoni mwa malipo yake kwa mfalme wamo samaki aina ya heringi 68,000. Mwaka 1199 Mfalme John aliupa hati ya haki zake. Neema yote hiyo iliegemea ulimi wa mchanga na kokoto ulionyooka kutoka kaskazini, ukakinga mdomo wa mto na mawimbi ya Bahari ya Kaskazini, hata vyombo vikapata maji matulivu ya kutia nanga. Lakini mawimbi yaliyoujenga ulimi huo hayakuacha kusukuma kokoto kusini, na kila uliporefuka, mlango ulizidi kuwa mwembamba. Dhoruba ya Januari 1328 ikauziba. Mto Blyth ulijipatia njia nyingine upande wa kaskazini, karibu na Walberswick, nayo biashara ikafuata maji. Dunwich ikabaki ikigombana na majirani juu ya ushuru wa vyombo visivyofika tena kwake.

Atakayepinga atasema ardhi yenyewe ilikuwa ikiliwa, na ushahidi anao. Ukingo wa pwani ni mchanga mlaini. Dhoruba ya 1347 ilizoa mamia ya nyumba. Mwaka 1677 maji yalifika sokoni. Mnara wa kanisa la All Saints ulimalizikia ufukweni mwaka 1919. Hata hivyo, dhoruba za miaka ya 1280 nazo zilibomoa mengi, na mji ukaendelea kuishi, kwa kuwa vyombo vilikuwa bado vinaingia. Wenye mapato hurudi nyuma ya ukingo wakajenga upya. Aliyepoteza riziki hana sababu ya kupigania kiwanja. Wala heshima ya makaratasi haikuweza kuziba pengo hilo: Dunwich ilipeleka wabunge wawili London hadi mwaka 1832, bila hata mmoja wao kuirudishia bandari. Anayetaka kujua mwisho wa mji wa bandari na aanze kwa kuuchunguza mlango wake, kisha ndipo ahesabu nyumba.