Historia fupi ya geti: kwa nini seva ya bakapu haiwezi tena kubisha hodi

Leo tuweke kando uandishi wa programu, tuangalie historia kidogo. Ukihamisha seva ya bakapu leo, kazi ngumu ni kuzipata zile kompyuta zilizojificha nyuma ya geti la mtandao, maana kunakili diski kumekuwa rahisi. Zamani mambo hayakuwa hivyo, na chanzo chake ni uamuzi uliofanywa miaka ya 1990.

Mpangaji wa Mukuru kwa Reuben anaielewa NAT hata kama hajawahi kugusa kompyuta. Ploti ni moja, geti ni moja, vyumba ni ishirini. Ukimtumia mtu mzigo ukaandika tu "chumba cha saba", hautafika, kwa sababu kila ploti ina chumba cha saba. Lakini mpangaji akitoka mwenyewe akamwambia keateka kwamba anamngoja mgeni, mgeni ataingizwa bila maswali. Ruta hufanya kazi kama keateka huyo: hukumbuka nani ametoka na anangoja jibu kutoka wapi. Anayekuja bila kutarajiwa hurudishwa.

Intaneti haikuanza hivyo. Kanuni za IPv4 zilizochapishwa Septemba 1981 zilitoa anwani kama bilioni 4.3, na wazo lilikuwa kila mashine iwe na yake. Programu za bakapu zilijengwa juu ya wazo hilo. Amanda, iliyotoka Chuo Kikuu cha Maryland mwanzoni mwa miaka ya 1990, ina seva inayozizungukia kompyuta usiku na kuziomba data. Bacula, iliyoanzishwa na Kern Sibbald mwaka 2000, ilifuata njia hiyo: seva ndiyo inayoipigia kompyuta kupitia poti 9102.

Angalia faida yake. Katika mpango wa kawaida wa Bacula, faili la mipangilio kwenye kompyuta ya mteja lina jina la seva na nywila, wala halihitaji anwani ya seva. Ukihamia mashine mpya unabeba mipangilio na orodha yako, unawasha, na seva inaanza kubisha hodi kama jana. Upande wa mteja hakuna anayehitaji kujua kwamba umehama.

Kisha anwani zikaanza kuonekana chache. Mei 1994 Kjeld Egevang na Paul Francis walichapisha maelezo ya NAT, wakiieleza kama suluhisho la muda mfupi. Februari 1996 ukachapishwa mwongozo wa anwani za ndani, zile za 10 na 192.168 tunazoziona kila siku. Suluhisho la muda limedumu zaidi ya miaka 30.

Kwetu Kenya nyakati ziligongana vibaya. Kabla ya nyaya za baharini, mawasiliano ya nje yalipitia setilaiti, ghali na polepole, na bakapu ya ofisi ndogo ilikuwa CD au flash disk ndani ya droo. Mwaka 2009 TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, na kutuma bakapu nje ya jengo kukaanza kuwezekana. Lakini tarehe 3 Februari 2011 IANA iligawa mafungu yake ya mwisho ya IPv4. AFRINIC, msajili wa Afrika aliyetambuliwa mwaka 2005, alianza kubana mgao mwaka 2017, na tangu Januari 2020 mwombaji hupewa anwani zisizozidi 1,024 kwa mara moja. Kwa hiyo tulipata barabara pana wakati namba za nyumba zinaisha. Aprili 2012 ilikuwa imetengwa pia 100.64.0.0/10 kwa ajili ya NAT ya kampuni zenyewe za mtandao. Sasa kuna geti la ploti, na nje yake geti la mtaa mzima.

Programu zikalazimika kugeuka. UrBackup na Burp zinamruhusu mteja kuipigia seva mwenyewe, na Bareos, iliyochipuka kutoka Bacula, iliongeza njia hiyo baadaye. Geti likapitika, lakini ujuzi ukahama: sasa mteja ndiye anayeshika anwani ya seva. Ukizima seva ya zamani kabla hajapata anwani mpya, umempoteza. Huwezi kumfuata, mpaka mtu aende kwa miguu.

Hatari kubwa zaidi ni ukimya. Seva iliyobisha hodi ikakosa jibu huandika kosa, na asubuhi unaliona. Seva inayongoja kupigiwa inaweza isione kosa lolote. Chukua zahanati tatu za Mukuru kwa Reuben: ikiwa moja imeacha kupiga, ripoti inaweza kuonyesha bakapu mbili zilizofaulu na kila kitu kijani. Aprili na Mei 2024 Mto Ngong ulifurika ukaingia makazi ya Mukuru. Maji yakifika kwenye meza ya rekodi za wagonjwa ndipo ukimya ule unapojulikana.

Historia hii inatufundisha mambo manne ya kufanya. Kwanza, mpe mteja jina la DNS badala ya namba, ili ukihama ubadilishe mahali pamoja tu. Pili, mtambue kwa jina na ufunguo wake, maana wateja wengi watatokea kwenye anwani moja, na kesho anwani hiyo itabadilika. Tatu, hamisha funguo na vyeti pamoja na data, la sivyo seva mpya itawaona wateja wako kama wageni. Nne, acha seva ya zamani ikiwaka, andika orodha ya waliosajiliwa, kisha weka alama kwa kila aliyepiga seva mpya. Uizime siku orodha itakapokamilika.

IPv6 inaweza kurudisha anwani kwa kila chumba, ingawa walinzi watabaki getini kwa sababu za usalama. Hadi hapo, usihesabu bakapu zilizofika. Hesabu ambazo hazijafika. Kazi njema.