Ruksa Mbili Ndani ya Dashibodi ya Celica

Haya wadau wa kampasi, leo tuweke pembeni habari za kozi na bumu, tuongee historia kidogo. Najua wengine mtasema nimeishiwa, historia gani tena ya redio ya gari! Nivumilieni.

Swali ni hili. Mtu ananunua Toyota Celica iliyotumika Japani, anaifikisha Iringa au Mbeya, anawasha redio iliyokuja nayo, halafu karibu kila stesheni ya mji haipo. Inakoroma tu. Kwa nini? Majibu ya hosteli nimeyasikia mengi: eti Wajapani wanaichokonoa kabla ya kuuza, eti milima yetu mirefu mno, eti redio imekufa baharini kwa chumvi. Redio haijafa. Ukweli ni kwamba nchi yetu ilipata ruksa mbili katika kipindi kimoja, ruksa ya magari na ruksa ya redio, na kila moja ilikuja na kipimo chake. Aliyezipatanisha ni fundi wa mtaani, na jina lake huwezi kulikuta kwenye kitabu chochote.

Tuanzie nyuma. Redio ya gari yenyewe ni ya zamani kuliko wengi tunavyodhani. Mwaka 1930 kule Chicago, ndugu wawili wa ukoo wa Galvin walitoa redio ya kufunga kwenye gari wakaiita Motorola, na jina hilo likaja kuwa la kampuni. Kwetu matangazo yalianza Dar es Salaam mwaka 1951, na kufikia 1965 tukawa na Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD ya wazee wetu. Mwaka huohuo wa 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, Zambia ikabanwa njia ya kusini, na mzigo wake ukaanza kupita kwetu. Malori yakajaa Iringa, Mbeya na Tunduma kwenye barabara ya vumbi na tope, mpaka lami ilipokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Dereva wa enzi zile aliyekuwa na redio alisikiliza RTD kwenye masafa ya kati au mafupi. Na hapa pana jambo la kuzingatia. Masafa ya kati yanafuata ardhi, na usiku yanadunda huko juu angani yakarudi chini mbali sana. Mafupi ndiyo yanakwenda mbali zaidi. Sauti inakuja na mikwaruzo, lakini inakuja. FM ni safi sana ila inasafiri kama mwanga wa tochi: mlima ukikaa katikati, kwisha habari. Ukipanda Kitonga kwa basi, kila kona stesheni inaingia na kutoka, si unajua. Ndiyo maana kaseti, iliyotolewa na Philips mwaka 1963, ilikuja kupendwa sana kwenye magari ya safari ndefu. Kaseti haijali mlima.

Sasa ruksa ya kwanza. Miaka ya mwanzo ya 1980 nchi ilikuwa imekauka. Fedha za kigeni hakuna, sabuni hakuna, gari binafsi ndo usiseme. Mwaka 1984 serikali ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa. Mwaka 1985 akaingia Mzee Mwinyi, na kwa jinsi alivyolegeza mambo watu wakambatiza Mzee Ruksa. Mlango ukazidi kufunguka, na magari ya mtumba kutoka Japani yakaanza kumiminika. Sababu ziko wazi: bei nafuu, gari halijachoka, na zaidi ya yote usukani uko kulia, maana Wajapani wanaendesha kushoto kama sisi. Katika msafara huo wa Corolla na Hiace ndimo zilimopenya na hizi gari ndogo za michezo, Celica na wenzake wa milango miwili.

Ruksa ya pili ilikuwa ya sauti. Mwaka 1993 ilipita sheria ya utangazaji iliyoruhusu vituo binafsi. Mwaka 1994 tukapata Radio One na ITV, mwaka 1999 Clouds FM, na baada ya hapo mikoa nayo ikaanza kupata stesheni zake. Vituo hivi vipya vilijaa FM, na FM yetu, kama ilivyo sehemu kubwa ya dunia, inaanzia 87.5 hadi 108.

Japani wao waliipa FM eneo la 76 hadi 90. Siyo ubishi wala siri ya biashara. Kuanzia 90 hadi 108 palikuwa pamekaliwa na televisheni, chaneli yao ya 1, ya 2 na ya 3. Redio iliyotengenezwa kwa soko lao haikuwa na haja ya kupanda juu ya 90, kwa sababu huko juu pangesikika televisheni tu.

Piga hesabu mwenyewe. Redio inaishia 90, stesheni zetu zinaanzia 87.5. Panapogusana ni 2.5 tu. Ndiyo maana mtu anachukua gari bandarini Dar, anashika Clouds kwenye 88.5, anafurahi kwamba redio nzima. Akiuliza stesheni yoyote iliyo juu ya 90, hola! Kwa hiyo gari lililoletwa na ruksa ya kwanza lilikuwa kiziwi kwa ruksa ya pili.

Hapo ndipo anapoingia fundi umeme wa magari. Dawa ya kwanza ni konvata, kijiboksi kidogo kinachofungwa kati ya antena na redio. Kazi yake ni kushusha masafa. Ukiwa na konvata ya 15, stesheni ya 98 unaikuta kwenye 83. Dereva anakariri hesabu ya kutoa kama mtoto wa darasa la pili. Ila konvata ina uchoyo wake: dirisha la redio ni 14 tu (76 hadi 90), na FM yetu ina upana wa 20.5. Ukifunga ya 12 unapata 88 hadi 102, huko juu umepakosa. Ukifunga ya 18 unapata 94 hadi 108, huko chini umepaaga. Yaani 6.5 lazima ibaki nje. Fundi mzuri anakuuliza kwanza unaishi mji gani na unasikiliza nini, ndipo achague.

Dawa ya pili ni kung'oa redio yote na kuweka nyingine. Na hapa napo pana historia, maana hata tundu la redio lina kipimo. Kile cha kawaida, upana milimita 180 na urefu 50, kilitoka Ujerumani na kikawa cha kimataifa mwaka 1984. Toyota nyingi za Kijapani zina tundu la 200 kwa 100. Redio ya dukani ikiingia, inabaki nafasi pembeni, na fundi anakata plastiki kuiziba. Halafu nyaya. Ya njano ni ya umeme wa kudumu, inatunza saa na stesheni. Nyekundu inawaka na ufunguo. Nyeusi ni ya bodi. Mtu akiunganisha njano na nyekundu pamoja kwenye umeme wa kudumu, redio haizimiki vizuri na asubuhi betri imelala, hasa baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba! Na kwenye barabara yetu yenye malori mengi, fundi lazima ajue pia kwamba lori ni volti 24 wakati redio ya gari dogo ni 12. Ukizichanganya unanusa moshi kabla hujasikia wimbo.

Kwa Celica tatizo la mwisho ni nafasi. Boksi la sabufa linakula buti lote, na waya wa amplifaya unaotoka kwenye betri lazima uwe mnene na uwekewe fyuzi karibu na betri yenyewe. Waya huo ukichubuka bila fyuzi, gari linaungua. Fundi wa bei ya chee ndipo anapobana matumizi, kuweni macho.

Siku hizi kuna dawa ya tatu, nayo ndiyo inanisumbua: kuachana na redio kabisa. Watu wanafunga mziki wa kutikisa vioo, wanachomeka flashi, basi. Unapita Makambako, Chimala, Uyole bila kusikia tangazo la msiba, la barabara iliyofungwa, wala bei ya viazi. Tuliisubiri ruksa ya pili tangu uhuru hadi 1994, halafu tunaiacha nje ya kioo kwa sababu ya kijiboksi kimoja.

Na kijiboksi chenyewe kinaelekea kusahaulika. Japani walizima televisheni ya analojia mwaka 2011, mikoa mitatu ikamalizia 2012, na kuanzia mwisho wa 2014 redio zao zikaruhusiwa kupanda hadi 95. Celica nayo iliacha kutengenezwa mwaka 2006. Siku moja konvata ya mwisho itatupwa jalalani, na hakuna atakayejua kwamba kwa miaka zaidi ya ishirini mafundi wetu walikuwa wanatafsiri masafa ya Kijapani kwa mkono.

Kwa hiyo wanahistoria wenzangu mnaohangaika na mada ya utafiti, mada hiyo hapo. Kama una mjomba aliyefunga redio Mwanjelwa au Iringa mjini miaka ya tisini, likizo hii kaa naye, andika anachosema. Nawasilisha.